Springi Kumi na Tanuri la Mkate

Ninapomfundisha mtu kazi ya kuvika vyuma zinki, huanza na springi, kwa sababu springi haiwezi kutunza siri. Bawaba iliyovikwa vibaya hukaa mlangoni miaka mingi kabla hujajua kosa lako. Springi hukuambia kesho yake. Mimi iliniambia siku ya Jumamosi, mwaka ule waasi walipoushika mji wetu wa Kisangani, na shingo iliyokuwa hatarini ilikuwa ya mtu aliyeniamini.

Niieleze kazi yenyewe kwanza. Si ngumu kuielewa, hata kwa mtu asiyewahi kushika spana.

Karakana yetu ilikuwa karibu na mto. Mbele mafundi wengine walitengeneza kamyo, yaani malori, na injini za mashua. Nyuma, chini ya paa la mabati lililoachwa wazi upande mmoja ili mvuke utoke, tulikuwa sisi wawili: papa shefu, mkuu wangu wa kazi, na mimi, tukiwa na matangi yetu yamepangwa mstari. Chuma kikiingia kwetu kilioga, kisha kikavaa. Tangi la kwanza lilikuwa na soda kali ya moto ya kuondoa mafuta. Kisha maji. Kisha asidi ya kula kutu. Kisha maji tena. Ndipo tangi la zinki: unaning'iniza kipande chako kwa waya, pembeni umetumbukiza mabamba ya zinki, unawasha mashine ya umeme, na umeme unaitoa zinki kwenye bamba, unaipitisha ndani ya ile dawa na kuilaza juu ya chuma, tabaka jembamba kuliko karatasi. Maji ya dawa yalikuwa ya mvua, kwa maana maji ya mto wetu yana rangi ya chai na huacha madoa. Dawa ya zinki ilikuwa na sumu, nayo ikikutana na asidi hutoa hewa inayoua. Ndiyo maana katikati palikuwa na tangi la maji, na papa shefu hakumruhusu mtu kuliruka tangi lile hata nyumba ingekuwa inaungua.

Papa shefu alizaliwa Yanonge, katika familia ya wavuvi, na mikono yake ilikuwa mipana kama makasia. Kwa miaka mingi aliitwa msaidizi, ingawa kila mtu alijua nani alikuwa anapima dawa. Uhuru ulipokuja, mkuu wetu Mzungu alifunga masanduku yake akashuka mto. Aliacha koti lake jeupe msumarini. Watu wa mbele walimwambia papa shefu alivae sasa, aonekane mkubwa. Alilichukua akafunikia mashine ya umeme, ili mvua isiinyeshee.

Mimi nilitoka upande mwingine. Ukoo wetu ni wa Waislamu waliofika hapa zamani pamoja na misafara ya biashara, na wanaume wa nyumbani walikuwa mafundi wa kupaka bati masufuria ya shaba. Ramadhani ikikaribia, uani kwetu kulijaa masufuria na masinia ya mtaa mzima. Baba aliyaloweka kwenye maji ya ndimu tangu asubuhi mpaka jioni, wakati mwingine mpaka kesho yake, kisha akaingia mwenyewe ndani ya sufuria kwa miguu mitupu, mchanga chini ya nyayo, akajishika ukutani na kujizungusha kiuno kulia na kushoto mpaka shaba ikang'aa. Majirani walicheka, naye alizidisha kiuno makusudi. Alikuwa na neno lake: shaba haichoki na ndimu. Maana yake, usiogope kuloweka. Kinachong'aa ndicho kilicho safi, na kilicho safi ndicho kitakachoshika bati.

Neno lile ni kweli kabisa kwa shaba, na kwa chuma laini halileti madhara makubwa. Kwa chuma cha springi ni hatari, nami nitajaribu kueleza kama papa shefu alivyonieleza.

Asidi inapokula kutu, hutokeza hewa nyepesi kuliko zote, chembe ndogo kiasi cha kupenya ndani ya chuma chenyewe. Umeme wa kwenye zinki huongeza nyingine. Chuma laini hakijali. Chuma kigumu, kilichopitishwa motoni ili kirudi kila kikivutwa, hunywa hewa ile na kudhoofika kwa ndani, na zinki ikishawekwa juu imefungiwa humo. Kwa macho springi ni nzima, tena nzuri. Ivute, iache imevutika, na baada ya saa kadhaa itakatika yenyewe kama kijiti kikavu, bila mtu kuigusa. Dawa yake ni joto la taratibu kwa saa nyingi, mara tu inapotoka kwenye zinki, mpaka hewa itoke. Papa shefu aliita hali hiyo ulevi. Alikuwa akiinua springi mbichi kutoka kwenye tangi na kusema imelewa, ipelekwe ikatoe jasho.

Zamani tulikuwa na tanuri la umeme la kazi hiyo. Liliungua baada ya uhuru na hakukuwa na wa kutuletea waya mpya. Papa shefu akaenda kwa tonton, mjomba wangu, mdogo wake mama, aliyekuwa na tanuri la mkate mtaani kwetu. Walikubaliana kwamba asubuhi mikate ikitoka, springi zetu ziingie kwenye sinia la bati, zikae humo mpaka jioni. Tonton hakuwa na kipimajoto. Alirusha unga kidogo wa ngano juu ya matofali na kutazama unavyobadilika rangi: ukikawia kuwa kahawia, ongeza kuni, ukiwa mweusi upesi, ngoja. Wateja walimtania kwamba mikate yake ingeanza kuruka.

Baada ya tanuri kulikuwa na ubao. Huu ulikuwa utaratibu wa papa shefu mwenyewe. Ubao mrefu wenye misumari. Kila springi ilivutwa na kufungwa kati ya misumari miwili, ikalala hivyo mpaka kesho yake. Iliyopona siku ile iliaminiwa.

Sasa mwaka wa uasi. Waasi waliingia mjini mwezi wa nane, mwaka wa sitini na nne. Karakana haikufungwa, maana kila mwenye bunduki alikuwa na kamyo inayotaka matengenezo. Boti za kutoka chini ya mto hazikuja tena, kwa hiyo vipuri havikuja, na unga wa ngano vilevile. Tanuri la tonton lilipoa. Saa yetu ya ukutani ilichukuliwa na kijana mmoja mwenye bunduki aliyeipenda. Tangu siku ile papa shefu alianza kupima muda wa asidi kwa wimbo wa kanisani kwake. Springi zilikaa beti nne. Aliimba polepole, bila kukazana, akiwa amesimama juu ya tangi, na ubeti wa nne ulipoisha alizitoa.

Alhamisi moja alikuja komanda aliyesimamia kamyo zao. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya chini. Aliweka mezani springi kumi za breki zilizoliwa na kutu, zilizotolewa kwenye kamyo mbili zilizokaa matopeni. Nane zilihitajika kwa magurudumu manne ya kamyo moja, mbili zilikuwa akiba. Alizitaka Jumapili asubuhi.

Unapokanyaga breki, viatu viwili ndani ya gurudumu hutanuka na kulibana. Unapoinua mguu, springi huvirudisha mahali pake. Springi ikikatika, kiatu hakirudi. Gurudumu linashikwa, linapata moto, na kamyo inaweza kuvutwa pembeni ghafla. Komanda alilijua hilo. Alituambia kwamba kamyo yao nyingine ilikwisha kupinduka, na fundi wake alikuwa ameapa kwamba ilikuwa nzima.

"Fundi yule hatuko naye tena," alisema. "Hii ikikatika, nitatafuta nani?"

"Mimi," papa shefu alijibu. "Usisumbukie mwingine. Mimi ndiyo shefu hapa."

Komanda alimtazama kichwani mpaka miguuni, kama mtu anayetaka kukumbuka sura, akaondoka.

Ijumaa papa shefu aliitwa mbele kutazama injini, akaniachia springi. Alinikumbusha beti nne, si zaidi. Mimi nyimbo za kanisani sikuzijua, nikawa nasoma Alhamdu na kukadiria. Nilipozitoa, nje zilikuwa safi, lakini katikati ya mizunguko kutu nyeusi bado ilikuwepo. Mtu mwenye akili angechukua brashi ya waya akasugua. Mimi niliwaza kama mtoto wa baba yangu: ziloweke tena, chuma hakichoki na ndimu. Wakati huohuo ulifika muda wa swala ya Ijumaa. Nilizirudisha kwenye asidi, nikanawa, nikaenda msikitini.

Hotuba ya siku ile ilikuwa ndefu, kwa sababu kulikuwa na mengi ya kumwomba Mungu. Niliporudi, springi zilikuwa zinatoa mapovu madogomadogo na zilikuwa safi kama masinia ya Idi. Nilifurahi. Niliziosha, nikaziweka kwenye zinki, na papa shefu alipokuja aliona koti la zinki zuri kuliko yote niliyowahi kuweka. Aligeuza moja kwenye mwanga.

"Beti ngapi?" aliuliza.

"Nne, papa."

Sikuona kama nimesema uongo mkubwa. Niliona nimefupisha maelezo.

Tulizipeleka kwa tonton. Kuni zilikuwa adimu, maana njia za kwenda porini zilikuwa na vizuizi vya wenye silaha. Tonton alikuwa na fungu moja tu. Papa shefu alifikiri, akasema kwa beti nne na kutu kidogo vile, joto la saa mbili litatosha. Hakukuwa na ngano, kwa hiyo tonton alirusha unga wa muhogo. Ulibaki mweupe. Nilitaka kuongeza kuni, naye akanizuia; muhogo, alisema, hauna haraka ya kubadilika rangi kama ngano, na ukiungoja mpaka uwe kahawia utakuwa umekwisha kuchoma ulichokiweka. Badala yake aliingiza mkono mdomoni mwa tanuri na kuhesabu kimya mpaka alipouondoa. Sijui alihesabu ngapi. Zilikaa saa mbili kwa makadirio ya jua, kisha tukazifunga kwenye ubao.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nasugua tangi la soda nikasikia tak, na kipande kikagonga bati. Papa shefu alikiokota. Alikitazama mahali kilipokatikia, akanionyesha, kwa kuwa hata siku ile aliona ni somo. Springi inayokatika kwa kuchoka huonyesha alama kama pete za mti. Hii ilimetameta kote kama chumvi ya mawe.

"Imekunywa sana," alisema. Kisha akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa kifudifudi. "Iko kosa yangu. Nilihurumia kuni."

Alisema hivyo bila hasira, akikigeuza kipande kile kiganjani. Nadhani kama angenikaripia ningeendelea kunyamaza. Lakini alikuwa anatafuta kosa mahali ambapo halikuwepo, na kesho asubuhi angesimama mbele ya komanda akiwa amelibeba.

"Papa, haikuwa beti nne," nilisema. "Nilizirudisha ndani, nikaenda kuswali."

Aliinua kichwa. "Swala yenu iko na beti ngapi?"

"Hotuba ilikuwa ndefu."

Kabla hajajibu, springi ya pili ilikatika. Tulitazamana. Zilibaki nane, na nane ndizo zilizohitajika.

Papa shefu alisimama, akaanza kuzifungua ubaoni moja moja, taratibu, kama anavyotoa ndoana kinywani mwa samaki, ili zisiendelee kuvutika. Aliongea bila kunigeukia. "Umezipika kama sufuria ya mama yako. Sufuria ikipasuka, tunamwaga supu. Hii inashika kamyo na watu." Alifungua ya mwisho. "Ungeniambia jana, leo ningekuwa na usingizi. Umeniambia leo. Bon, tufanye kazi."

Alinieleza kwamba ulevi wa chuma una hatua. Ukiwa bado haujafungua ufa, joto la kutosha linaweza kuutoa, na springi ikawa kama haijawahi kunywa. Ufa ukianza, hakuna tanuri litakalouziba. Kwa zile nane hatukujua. Kilichobaki ni kuzipa joto siku nzima na kuzitundika tena.

Tulihitaji kuni. Papa shefu alivunja masanduku matupu ya vipuri. Mimi nilikwenda nyumbani nikachukua kuni zetu zote. Mke wangu aliuliza tungepikia nini. Nilipomweleza, aliongeza na mchi wa kinu uliopasuka. Kabla ya adhuhuri tanuri lilikuwa tayari, na tonton aliketi mbele yake akiulisha moto kidogo kidogo, akipima kwa mkono wake uleule.

Moshi wa tanuri ulileta watu. Kwa miezi mtaa haukuwa umeona mkate, na akina mama walikuja na vikapu, wakasimama mstari. Tonton aliapa kwamba hakuna mkate, wakasema anawafichia wakubwa. Mwishowe alivuta sinia nje kidogo waone. Mama mmoja aliinama, akazitazama springi nane zikiwa zimelala kwa adabu.

"Tonton, hizi tutakula na nini?"

"Na meno mingine, mama."

Walicheka, mstari ukavunjika, lakini wawili watatu walibaki wakaketi pale kwa ajili ya kumbukumbu ya harufu. Papa shefu hakucheka. Alikaa upande wa kivuli, mikono magotini, mpaka jua lilipotua. Nilimwambia mara moja kwamba nitasema mimi kwa komanda. Alijibu kwamba shefu ni yule aliyesema "mimi" siku ya kwanza, na kwamba nisimpotezee tonton joto kwa kusimama mlangoni.

Jioni tulizitundika ubaoni tukaenda zetu nyumbani. Jumapili alfajiri nilifika karakana nikamkuta amekwisha kufika, amevaa shati la kanisani. Springi nane zilikuwa zimevutika kwenye misumari yake, nzima. Tulikaa tukizitazama mpaka komanda alipokuja.

Papa shefu alimkabidhi zile nane, kisha akaweka mezani na zile mbili zilizokatika. Angeweza kuzitupa mtoni. Mimi ndivyo ningefanya.

"Hizi mbili zilikatika hapa kwetu," alisema. "Tulikosea, tukarudia kazi. Hizi nane hazitakatika."

Komanda aliokota kipande. "Nani alikosea?"

"Mimi niliyeziloweka," nilisema, kabla papa shefu hajafungua mdomo.

"Mimi niliyemuachia," akasema yeye.

Komanda alitutazama kwa zamu. Kisha alisema kwamba kama kila mmoja wetu anazitaka springi hizi kiasi hicho, basi wote wawili tutapanda kamyo.

Mafundi wa mbele walizifunga. Tulipanda nyuma, juu ya magunia, pamoja na watu wenye bunduki. Tulifuata njia ya Yangambi mpaka kwenye mteremko wa kivuko cha mto Lindi, mahali ambapo kamyo hushuka kwa breki tupu hadi ukingoni mwa maji. Njia nzima nilisikiliza kwa masikio, kwa mgongo na kwa meno. Kila jiwe lililogonga chuma chini yangu lilikuwa tak. Nilimgeukia papa shefu ili nione naye anasikia nini. Alikuwa amelala, kichwa juu ya gunia, mdomo wazi, shati lake la kanisani limejaa vumbi.

Kamyo ilishuka, ikasimama ukingoni. Komanda aliniita. Aliniambia niguse magurudumu. Ni kipimo kizuri, nami hukitumia mpaka leo: gurudumu ambalo springi yake imekatika huwa na joto la kuunguza, maana kiatu kimebaki kimelibana. Niligusa la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Yote yalikuwa na uvuguvugu mmoja, kama sufuria iliyotolewa jikoni kitambo. Komanda aligusa mwenyewe baada yangu. Kisha akasema, "Mushuke. Murudi kwa miguu."

Nilimwamsha papa shefu. Tuliiangalia kamyo ikipanda kivuko, ikavushwa, ikapotea upande wa pili, kisha tukageuka kurudi mjini. Nilimuuliza aliwezaje kulala. Alisema chuma kilitoka jasho jana mchana kutwa mbele ya macho yake, na yeye vilevile. Kisha usiku ulikuja bila usingizi, na mtu hulala anapopata nafasi.

Tulitembea kwa muda. Ndipo aliponiambia kwamba safari bado ni ndefu na yeye leo hakwenda kanisani, kwa hiyo nitajifunza ule wimbo. Nilimkumbusha mimi ni Mwislamu. Akasema anajua, na asidi haiulizi mtu anaswali wapi. Aliimba ubeti wa kwanza, nikaurudia. Aliukosoa mwendo: nilikuwa nakimbia. Tulipofika kwenye nyumba za kwanza za mji nilikuwa nimeshika beti zote nne, na yeye alikuwa amehesabu Alhamdu zangu zinazoingia humo ili siku nyingine asihitaji kuniuliza. Ni saba, zikisomwa bila haraka.

Leo nina saa ukutani na nyingine mkononi. Springi zikiwa kwenye asidi, mimi bado huimba, na ubeti wa nne ukiisha huzitoa, hata kama katikati ya mizunguko bado kuna kutu. Kwa kutu hiyo nina brashi ya waya.